Ijumaa Njiani Kwenda Mnyambe

Kutoka kwetu Lisekese kuna njia mbili za kwenda Newala kwa baiskeli. Ya kwanza ni barabara kuu, yenye vumbi la malori na mlima mmoja mrefu mwishoni. Ya pili hupitia Chidya, hushuka bondeni kwenye misitu ya Ruvuma, hufuata vijito na mianzi kwa siku nzima, kisha huupanda ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde kwa njia ya miguu ambako baiskeli husukumwa zaidi kuliko kupandwa. Ya kwanza ni siku moja kwa mtu mwenye mapafu mazuri. Ya pili ni siku mbili, na mzee ajiwekee na ya tatu.

Siku hizi wanakuja vijana wa mjini na baiskeli zenye gia nyingi na kofia ngumu kichwani. Huelekezwa kwangu, wakiambiwa yule mzee wa msikitini anaijua njia ya bondeni. Huwachorea kwenye karatasi: hapa pana maji, hapa pana mchanga mshuke, hapa pigeni kengele kwa sababu tembo huvuka. Mmoja wao aliniuliza mbona mimi mwenyewe siipiti tena. Nilimwambia ni magoti. Magoti yangu, namshukuru Mungu, bado yanakunja na kukunjua. Sikumwambia ukweli kwa sababu ni mrefu, na kijana alikuwa amesimama juani.

Nina rafiki ambaye ni mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu kwa babu zetu: tunatukanana bila kukasirikiana, tunachukuliana vitu bila kuombana, na akifa mtu upande mmoja, upande wa pili ndio unaoushika msiba, kuchimba kaburi, kupokea wageni na kuwachekesha wafiwa wasije wakafa na wao. Yeye ni Mkristo, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Mimi ni Mwislamu, nimefundisha Kurani watoto wa hapa kwa muda mrefu kuliko umri wa wazazi wao. Dini haikuwahi kutuzuia kutukanana.

Mtani wangu alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyeolewa Mnyambe, huko mbele ya Newala mjini. Kwetu sisi watu wa kusini mtoto ni wa mjomba. Mjomba ndiye anayeulizwa akiugua, akioa, akifa. Mtoto wa kwanza wa dada yule alifariki kwa homa ya siku tatu, masika, barabara zikiwa zimekatika. Mtani wangu alipopata habari alikwenda stendi ya Masasi akakaa juu ya begi lake kungoja gari. Alikaa siku ya kwanza, akakaa siku ya pili. Kule Mnyambe walimngoja mpaka jua likainama, wakazika. Alifika siku ya tatu kwa gari la kukodi, amevaa suti. Dada yake alimtazama akishuka, akafuta midomo kwa ncha ya kanga, akasema:

“Gari ulilikosa. Baiskeli ulikuwa nayo.”

Hakulia wala hakupaza sauti. Aliongeza kwamba siku atakayokuja kwa jasho lake mwenyewe, siku hiyo atamsikiliza. Wakaachana hivyo kwa miaka mingi. Salamu zilipita kwa watoto, unga wa muhogo ulipita kwa mabasi, lakini wao wawili hawakukaa tena jamvi moja.

Mwaka ninaousimulia, mwezi wa sita, wakati mikorosho inapuliziwa salfa na mji mzima unanuka kiberiti, mtani wangu alikuja kwangu baada ya alasiri akisukuma baiskeli yake ya zamani. Akaiegemeza ukutani.

“Mtani, niangalizie tairi hizi. Nakwenda Mnyambe.”

“Kwa baiskeli?”

“Ulitaka niende kwa punda? Punda wa ukoo wenu wote wamekuwa masheikh.”

“Na magoti hayo?”

“Haya ni yangu. Wewe ya kwako uliyakodi.”

Tulicheka, kisha akaniambia. Binti wa dada yake, ndiye anayeishi na mama yake, alikuwa amepiga simu. Mama miguu imevimba, chakula hataki, anasema wasimsumbue mtu. Mtani wangu alimwambia binti amwarifu mama kwamba anakuja, na anakuja kwa baiskeli. Binti alikwenda na simu mpaka kitandani. Mama akasema, “Haya. Tutaona.”

“Umesikia?” mtani wangu akaniuliza. “Hakusema nisije.”

Nilikuwa nabandika kiraka kwenye tyubu, sikuinua kichwa. Nilijua anataka nini: kupiga magoti mbele ya dada yake kabla mmoja wao hajaondoka, na kusikia kwa masikio yake neno la msamaha. Nilimwambia nitakwenda naye. Mtu haendi peke yake kwenye jambo kama lile. Isitoshe, ikiwa dada atamfukuza, anayeweza kusimama katikati na kuligeuza neno liwe kicheko ni mtani.

Yeye alitaka barabara kuu. Mimi ndiye niliyemshauri bondeni. Nilimwambia kule juu malori ya salfa hayana huruma na wazee, bondeni kuna kivuli, na ndiyo njia tuliyoipita ujanani tukienda kununua samaki wa mtoni. Yote hayo yalikuwa kweli. Ila nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikuisema. Katika kijiji kimoja cha kule chini kuna msikiti wa udongo ambamo nilisomea chuo cha Kurani, na mwalimu wangu amezikwa ubavuni mwake. Nilitamani kusali pale mara moja tena kabla sijafa. Nikaifunga haja yangu ndani ya ushauri wa kumtakia mwenzangu mema, naye hakuiona. Wakati ule hata mimi nilijifanya siioni.

Tuliondoka Alhamisi baada ya alfajiri. Hadi Chidya tulikwenda vizuri, ukungu ukiwa umelala mashambani na wanafunzi wakitupisha na kutuamkia, shikamooni wazee, nasi tukijibu marahaba huku tunahema. Baada ya hapo njia inaanza kushuka. Uzuri wa njia ile siwezi kuukana hata leo. Miombo inasimama pande zote mbili, majani yakianza kuwa mekundu. Kijito kinasikika kabla hakijaonekana. Mara msitu unafunguka na unaliona bonde lote la Ruvuma limelala hadi milima ya Msumbiji. Tulishikilia breki mpaka vidole vikafa ganzi. Mtani wangu alikuwa mbele, shati limejaa upepo mgongoni.

“Mtani!” alipiga kelele bila kugeuka. “Nikianguka hapa usinizike wewe. Ninyi mnazika watu kama mnapanda muhogo!”

“Muhogo unaota. Wewe utaota nini?”

Mchana tulinunua ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa mama mmoja kando ya njia, tukala tumekaa juu ya gogo. Alikula kidogo. Kila baada ya muda alitoa simu mfukoni, akaiinua juu, akairudisha. Bondeni hakuna mtandao. Nilikuwa najua hilo pia.

Jioni tulifika kijiji changu cha chuo. Mpango wetu ulikuwa tulale pale, Ijumaa tuondoke alfajiri, tupande mlima asubuhi kungali na baridi, na magharibi itukute Mnyambe. Msikiti ulikuwa umepata bati. Kaburi la mwalimu wangu lilikuwa limefagiliwa. Imamu wa pale, mtu mzima wa makamo, alinijua kwa jina la mwalimu wangu, akanibusu mkono, akasema Mungu amewaletea mgeni mkubwa siku ya kuamkia Ijumaa, na kwamba kesho niwasomeshe.

Mimi nimefundisha sheria ya safari kwa watoto wengi. Msafiri hapaswi na sala ya Ijumaa. Anasali adhuhuri yake, anaifupisha, anaiunganisha na alasiri, anaendelea na safari. Ni rehema ya Mungu kwa watu walio njiani, na mtoto wa miaka kumi katika darasa langu angeweza kunijibu hivyo bila kufikiri. Asubuhi ile nilimwendea mtani wangu, aliyekuwa tayari amefunga mzigo kwenye keria, nikamwambia, “Leo Ijumaa. Siwezi kuipita Ijumaa mlangoni mwa mwalimu wangu.”

Alinitazama, kisha akautazama mlima. Kutoka pale unaonekana wote, ukuta wa buluu wenye mawingu juu yake.

“Mtakawia sana?”

“Tukishasali tu.”

“Kasali, mtani,” alisema, akaanza kufungua kamba ya mzigo. “Mungu ni huyo huyo.”

Hakuninung'unikia. Laiti angenitukana. Kutukanana ndiyo haki yetu, na angenitukana siku ile pengine ningezinduka.

Baada ya sala imamu aliniketisha mbele. Watu walijaa hadi barazani. Nilisoma, nikafasiri, wakauliza, nikajibu, na sauti yangu ndani ya kuta zile ilinipendeza. Nilizungumza juu ya kuunga udugu. Nilisema anayekata undugu anajikata mwenyewe, na anayetaka kuuunga asicheleweshe. Kupitia mlangoni nilimwona mtani wangu nje, amekaa juu ya jiwe, ameshika pampu ya baiskeli magotini, anaugeuza mpini wake huku na huku. Nilimwona, nikaendelea. Kisha wakaleta chakula, na chakula cha watu waliochinja kuku wao kwa ajili yako hakiachwi. Tulipoinuka pale alasiri ilikuwa imepita. Mlima ule haupandwi na wazee jua likiwa linazama. Tukalala tena.

Jumamosi tulipanda. Ni njia ya mawe, kona baada ya kona, na kila kona ukiimaliza unaiona nyingine juu yake. Tulisukuma hatua ishirini, tukapumzika, tukasukuma tena. Zamani wanawake wa uwanda wa juu walizishuka njia kama ile kwenda kuteka maji bondeni na kupanda na mitungi kichwani, kwa sababu juu ya uwanda hakuna chemchemi. Hata leo mabomba yakikauka watu hushuka. Mtani wangu hakusema utani wowote. Nilisikia pumzi yake na mlio wa mnyororo.

Jua lilikuwa karibu na utosi tulipofika ukingoni. Pale upepo hukupiga kifuani ghafla, na ukigeuka unaliona bonde lote ulilotoka. Tulikuwa hatujaegemeza baiskeli simu yake ilipoanza kulia mfululizo. Jumbe za siku tatu ziliingia kwa pamoja. Aliitoa, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Miwani alikuwa ameiweka ndani ya mzigo.

“Nisomee,” alisema.

Niliupitishia macho ujumbe wa mwisho kwanza, nikaishusha simu.

“Nisomee yote, mtani. Anzia wa kwanza.”

Nikasoma. Zote zilitoka kwa binti wa dada yake. *Mjomba shikamoo, mmefika wapi, mama anauliza.* Alhamisi jioni. *Mjomba mama anasema tusifunge mlango wa uani.* Ijumaa asubuhi. *Mjomba mama amebadilika, pokea simu.* Ijumaa mchana, saa ambayo mimi nilikuwa nafasiri. *Mjomba tafadhali.* *Mjomba mama ametutoka.* Hiyo ilikuwa Ijumaa magharibi. *Tumekungoja. Wazee wanasema tusizidi saa tano.* Hiyo ilikuwa asubuhi ile ile.

Alinyosha mkono, akaichukua simu yake, akaitia mfukoni na kuufunga mfuko kwa kifungo. Kisha akapanda baiskeli. Kutoka ukingoni hadi Mnyambe ni tambarare, mikorosho kila upande, na alikanyaga pedeli kana kwamba kulikuwa na kitu cha kuwahi. Mimi nilikuwa nyuma yake njia nzima.

Tuliwakuta watu wamesharudi makaburini, wananawa mikono uani. Kelele zilikatika tulipoingia. Binti alikuja akapiga magoti mbele ya mjomba wake.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Poleni na njia.”

Hakuna aliyemlaumu. Walimpa kiti. Wanawake walikuwa wanatazama baiskeli, na mmoja akamnong'oneza mwenzake, “Kweli kaja nayo.”

Kando ya bafu la makuti palikuwa na ndoo kubwa tupu iliyofunikwa kwa ungo. Binti alipoona mjomba wake anaitazama alisema, “Ile ilikuwa yako. Tangu Alhamisi mama alikataza mtu kuigusa. Maji yamekuwa shida wiki hii, tunanunua, lakini alisema hayo ni ya mgeni wa baiskeli, akifika aoge kwanza ndipo aingie ndani.”

“Maji yako wapi?”

Binti alishika kidevu. “Mjomba, yale ndiyo tuliyomwoshea.”

Tulikaa matanga. Siku ya pili kina mama watu wazima walinijia. Wamelia vya kutosha, walisema, mtani afanye kazi yake. Wakaniletea kanga ya marehemu na fimbo yake. Kazi ile nimeifanya mara nyingi, kwa kiasi chake, maana dini yangu yanifundisha utulivu msibani, lakini pia nimeona kicheko kinavyoweza kumrudishia mjane pumzi. Dada yule nilimjua tangu msichana. Nilijitanda kanga, nikainua kidevu, nikapita uani nikihesabu kuku kwa fimbo kama alivyokuwa akifanya, nikimshutumu kila mmoja kwa jina la mkwe wake. Watu wakacheka. Mjukuu mmoja mkubwa akapiga kofi, “Bibi huyu! Bibi mtupu!” Nikafuta midomo kwa ncha ya kanga, kama yeye alipotaka kusema neno chungu, na wakacheka zaidi.

Mtani wangu akainuka kwenye kiti. Alikuja katikati ya uwanja, akapiga magoti mbele yangu, yale magoti yake mabovu, kwenye mchanga.

“Dada,” alisema. “Nimekuja kwa baiskeli.”

Kicheko kikaisha. Alikuwa ananitazama usoni, na hakuwa anaigiza.

Sauti ya dada yule ilikuwa tayari kooni mwangu. Lilihitajika neno moja tu. Watu wote uani walikuwa wanalingoja, na nadhani wengi wao wangelikubali kuwa limetoka kwake. Lakini nilifundishwa, nami nikafundisha, kwamba haki ya mja iko mkononi mwa mja mwenyewe, na asiyeshuhudia jambo hana ushahidi. Je, ndoo ile ilikuwa msamaha? Au ilikuwa maji ambayo mwanamke mwungwana humwekea mgeni yeyote, hata yule atakayemgombeza baada ya kuoga? Sikujua. Aliyejua alikuwa amefukiwa jana yake.

Nikaivua kanga. Nikakaa chini pale pale mchangani, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, “Siwezi kumsemea. Ila mimi ndiye niliyekuchelewesha. Msafiri hana Ijumaa, nilijua, nikakuweka kwenye jiwe nikaenda kusikiliza sauti yangu. Nisamehe mimi.”

Kisha akanyanyuka polepole, akajifuta mchanga magotini, akaninyoshea mkono kuniinua.

“Mimi na wewe ni watani,” alisema. “Mtani hamkosei mtani. Hakuna la kusamehe.”

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika, maana ndivyo mila inavyosema. Mimi nilielewa kwamba nimenyimwa. Kama watani hatukosani, basi msamaha nilioomba haukuwa na mahali pa kukaa.

Tulirudi kwa barabara kuu, tulipoumaliza msiba. Ilituchukua siku moja. Alinipisha kwenye malori, akaningoja kila kilima, akaninunulia chai Masasi mjini. Tulipofika kwangu alishuka kwenye baiskeli, akanipa mkono, akasema, “Nakushukuru kwa kunisindikiza, Shehe.”

Hajawahi kuniita Shehe maishani mwake.

Tangu siku hiyo ananijia kama kawaida. Ijumaa hupita na kunisalimu nikitoka msikitini. Alipokwenda kusafisha kaburi la dada yake kabla ya Krismasi aliniaga, na aliporudi aliniletea korosho. Ananiuliza habari za nyumbani, za afya, za wanafunzi. Ni mtu mwenye adabu kuliko wote wa mtaa wetu. Utani hanitanii. Juzi alikuja kuazima pampu. Nilimwambia ukoo wao wanaazima pampu na kurudisha panya. Alitabasamu, akasema, “Ahsante, Shehe, nitairudisha kesho asubuhi,” na kesho yake asubuhi akairudisha, ameifuta vumbi.

Namshukuru Mungu kwamba anakuja. Subira nimeisomesha, sasa naisoma. Kila nikisikia baiskeli yake inalia nje, kwa sababu mnyororo ule haupaki mafuta, natoka barazani na neno langu la ovyo mdomoni, nikamtupia, nikangoja kama atanitukana.